Shajara ya mradi: seva ya pochi za bitcoin, kutoka siku tano hadi usiku mmoja

Wiki ya 1, Jumatatu

Diski mpya imefika. Ile ya zamani ilikuwa ya sahani za kuzunguka, na kila seva ilipokuwa na kazi niliisikia ikikwaruza kama panya darini. Hii ni SSD ya terabaiti 2. Nimeifunga kwenye kompyuta ileile yenye RAM ya gigabaiti 8, hapa nyumbani Mombasa, nikafuta kila kitu na kuanza upya.

Kwa anayesoma bila kuujua mradi huu: pochi ya bitcoin iliyo kwenye simu haiwezi kubeba mnyororo mzima wa bloki, yaani mafungu ya miamala yote ya bitcoin tangu mwanzo, ambao umeshapita gigabaiti 600. Kwa hiyo inaiuliza seva ya mtu, "Anwani yangu hii ina miamala gani?" Seva inajibu, na papo hapo imeshajua anwani zote za muulizaji, salio lake na saa anazotumia pesa zake. Sikutaka watu wangu wawe wanawauliza wasiowajua. Basi chini nimeweka nodi ya Bitcoin Core, programu ya msingi ya mtandao wa bitcoin, inayopokea kila bloki na kuikagua. Juu yake inakaa programu yangu niliyoiandika kwa lugha ya Rust, inayozisoma bloki hizo na kutengeneza faharasa: anwani hii imetajwa kwenye bloki hizi. Simu tisa zinaitegemea, ikiwemo ya shangazi yangu.

Nataka mambo mawili. Kwanza, kuijenga faharasa kulinichukua siku tano kwenye diski ya zamani. Ikiharibika nataka niipate tena kwa usiku mmoja. Pili, sasa hivi seva inafikiwa kwa WiFi ya nyumbani tu, na binamu yangu aliyeko Muscat hawezi kuitumia. Nataka kuifungulia mlango wa nje, na kabla ya kuufungua lazima nijue nani anaweza kuingia na kufanya nini.

Wiki ya 1, Jumatano

Nodi bado inapakua. Nimeipa kache ya megabaiti 4000 badala ya 450 zinazokuja nayo, ili orodha ya sarafu ambazo hazijatumika ikae kwenye RAM muda mrefu zaidi kabla ya kumwagwa diskini. Tofauti inaonekana kwa macho.

Ningeweza kukata njia. Tangu toleo la 28, Bitcoin Core inakubali kupakiwa picha ya orodha hiyo ilivyokuwa kwenye bloki ya 840,000, ya Aprili 2024, kisha ianze kazi kutoka hapo huku ikikagua historia ya nyuma polepole. Ni kazi nzuri sana kwa mtu mwenye haraka. Mimi hainifai, kwa sababu faharasa yangu inahitaji kila bloki tangu ya kwanza.

Kasi ninayoiona leo ina historia ndefu. Mwaka 2016, toleo la 0.12 liliacha kutumia maktaba ya OpenSSL kukagua sahihi (saini) za miamala na kuhamia maktaba ya libsecp256k1, na ukaguzi ukawa na kasi mara kadhaa ya ule wa zamani. Mwaka 2017 toleo la 0.14 likaleta utaratibu wa kuruka ukaguzi wa sahihi za zamani zilizo chini ya bloki inayojulikana, huku kila kitu kingine kikiendelea kukaguliwa. Toleo la 0.15 likapanga upya orodha ya sarafu. Nikiikumbuka mashine yangu ya miaka ile nawashukuru hao watu kwa moyo wote.

Wiki ya 1, Jumamosi

Nodi imemaliza. Nikawasha programu yangu, ikasema haioni bloki hata moja.

Programu inasoma mafaili ya bloki moja kwa moja kutoka diskini, yale yanayoanza na blk, kila moja la megabaiti 128. Kila bloki ndani yake hutanguliwa na baiti nne za utambulisho: f9 be b4 d9. Baada ya hizo unakuja urefu wa bloki, kisha bloki yenyewe. Nimefungua faili la kwanza nikaangalia baiti moja moja. Pale ambapo f9 ilitakiwa kuwa kulikuwa na kitu kingine kabisa, na kuendelea chini ni fujo tupu. Nilidhani SSD mpya ni mbovu. Nimeipima saa mbili nzima, na diski haina neno.

Jibu lilikuwa kwenye maelezo ya toleo la 28, ambayo niliyapitia juujuu. Nodi inayoanza upya sasa inayavuruga mafaili ya bloki kwa ufunguo wa baiti 8 uliohifadhiwa kando kwenye faili liitwalo xor.dat. Mtu yeyote anaweza kupachika ndani ya muamala baiti zinazofanana na virusi, halafu programu ya kulinda kompyuta ikaliona faili la bloki, ikalifungia, na nodi ikaanguka. Ukivuruga, baiti hizo hazifanani na kitu. Ufunguo uko wazi palepale, kwa hiyo hakuna siri inayofichwa hapa. Kinga yenyewe ni kwamba mpachikaji hawezi kujua mapema baiti zake zitakaaje kwenye diski yangu.

Kwangu marekebisho yalikuwa mistari michache: soma ufunguo, kisha kila baiti ya faili ipigwe XOR (hesabu ya biti inayorudisha kilichovurugwa) na baiti ya ufunguo kulingana na nafasi yake. Bloki ya kwanza ikatokea, ya tarehe 3 Januari 2009. Nimeizoea bloki hiyo, lakini leo nilifurahi kuiona kama siku ya kwanza.

Wiki ya 2, Jumanne

Kazi ya kasi sasa. Nimepima muda unakoishia, na umegawanyika sehemu mbili: kuandika faharasa, na kuizungusha ndani ya hifadhidata ya RocksDB ili ibaki imepangwa.

Sehemu ya kwanza nimeipunguza kwa mbinu ya electrs, seva ya Roman Zeyde iliyoandikwa kwa Rust pia. Nilikuwa nahifadhi heshi nzima ya anwani, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye anwani, baiti 32, pamoja na namba ya bloki. electrs huhifadhi baiti 8 za mwanzo tu na baiti 4 za namba ya bloki. Anwani mbili zinaweza kugongana kwenye baiti 8, ndiyo. Zikigongana, seva itafungua bloki mbili badala ya moja, itasoma anwani kamili ndani yake na kutupa isiyohusika. Jibu halipotoki, kinachopotea ni muda kidogo. Nimeangalia pia kama adui anaweza kuutumia mgongano huo kunichosha. Kutengeneza anwani zake mbili zinazogongana anaweza, ila ili agongane na anwani ya shangazi atahitaji kujaribu kiasi cha 2 kwa kipeo cha 64. Nimeridhika.

Sehemu ya pili: nimezima daftari la awali la RocksDB. Kwa kawaida kila kinachoandikwa huandikwa mara mbili, kwanza kwenye daftari hilo kisha mahali pake. Wakati wa kujenga faharasa upya daftari halina maana kubwa, kwani nikikatikiwa nitaanza tena.

Wiki ya 2, Jumatano

Faharasa nzima, zaidi ya bloki laki tisa, usiku mmoja. Niliiacha baada ya isha, alfajiri ikawa imemaliza. Nimezihamisha simu zote tisa kwenye seva mpya.

Wiki ya 3, Ijumaa

Stima ilipotea mtaa mzima saa tatu usiku, ikarudi saa tano. Seva ikajiwasha yenyewe, logi ikasema imefika bloki ya mwisho na kila kitu kiko sawa. Nikalala.

Asubuhi shangazi akanipigia.

"Mwanangu, zile pesa za jana za binamu yako mbona sizioni?"

"Hazijafika, shangazi?"

"Zilifika. Jana nilizipokea, nikamwambia ahsante. Leo simu inasema hazipo. Nimekosea wapi?"

Hakukosea mahali. Nilimwambia pesa zake ziko salama, kwamba seva yangu ndiyo inayosema uongo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi iambie iseme kweli." Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima.

Kilichotokea ni hiki. Faharasa yangu imegawanywa kwenye droo tatu ndani ya RocksDB: vichwa vya bloki, historia ya anwani, na sarafu zilizotumika. Droo ya vichwa ni ndogo, kwa hiyo nilikuwa naisukuma diskini kila bloki inapoingia. Droo ya historia ni kubwa, nikaiacha ikae kwenye RAM mpaka ijae ndipo ishuke. Daftari la awali lingeziweka pamoja, lakini nililizima wiki iliyopita kwa ajili ya ujenzi na sikulirudisha ujenzi ulipokwisha. Stima ilipopotea, vichwa vilikuwa diskini na historia ya bloki 97 ilikuwa kwenye RAM. Seva ilipoamka ilitazama droo ya vichwa, ikaona imefika mwisho, ikatosheka. Bloki 97 ni zaidi ya nusu siku. Muamala wa shangazi ulikuwa humo.

Kibaya zaidi, nilikuwa na ukaguzi wa kuanzia ambao ungeligundua tatizo hili. Kila seva ilipowashwa ulifungua bloki chache za mwisho na kuthibitisha kwamba kila muamala uliomo umo pia kwenye historia. Niliuondoa Jumanne ile ile, kwa sababu kwenye diski ya zamani ulichelewesha kuwaka, na kwa sababu nilijiambia kwamba RocksDB haiwezi kupoteza kitu. Sikusoma sehemu ya maelezo yake inayosema kwamba ukizima daftari, droo tofauti hazina ahadi ya kwenda sambamba.

Wiki ya 3, Jumamosi

Nimejenga faharasa upya, usiku mmoja. Salio la shangazi limerudi. Ameniandikia, "Nimeona. Mungu akubariki."

Leo sikugusa msimbo. Nimerudi kusoma dosari ambayo kila anayeandika programu za aina hii anapaswa kuijua kwa undani, dosari ya Bitcoin Core iliyosajiliwa kwa namba CVE-2018-17144. Kuna mahali nodi ilikuwa ikihakikisha kwamba muamala mmoja hautumii sarafu ileile mara mbili ndani yake. Novemba 2016, katika kuharakisha ukaguzi wa bloki, hatua hiyo iliondolewa pale kwa sababu ilionekana kurudia kazi iliyofanywa mbele. Muda uliookolewa ulikuwa sehemu ndogo sana ya sekunde kwa kila bloki. Ikatoka kwenye toleo la 0.14, Machi 2017. Kwenye toleo hilo bloki yenye muamala kama huo ingeiangusha nodi tu, kwa sababu ukaguzi wa mbele kweli ulikuwepo. Kisha toleo la 0.15 likaipanga upya orodha ya sarafu, tena kwa ajili ya kasi, na ukaguzi huo wa mbele haukufanya tena kazi ileile. Kuanzia hapo mchimbaji, yaani mtengeneza bloki, angeweza kutengeneza bitcoin zisizokuwepo na nodi ikazikubali. Dosari iliripotiwa tarehe 17 Septemba 2018, na toleo la 0.16.3 lenye dawa likatoka siku iliyofuata.

Mabadiliko mawili, kila moja kwa ajili ya kasi, na kila mwandishi alikuwa na sababu. La kwanza lilitegemea tabia ambayo la pili liliibadilisha. Ndivyo nilivyofanya mimi hasa: nilizima daftari nikitegemea ukaguzi, nikaondoa ukaguzi nikitegemea daftari.

Na Machi 2013 ilikuwa hivyohivyo kwa sura nyingine. Toleo la 0.8 lilihama Berkeley DB likaenda LevelDB, ambayo ni ya kasi zaidi. Hakuna aliyejua kwamba hifadhidata ya zamani ilikuwa na kikomo cha kufuli, na kwamba kikomo hicho kilikuwa kimekuwa sheria ya mtandao bila kuandikwa popote. Bloki ya 225,430 ilikipita. Nodi mpya zikaikubali, za zamani zikaikataa, mnyororo ukapasuka vipande viwili hadi wachimbaji walipokubaliana kurudi upande wa toleo la 0.7.

Kuanzia leo kila ukaguzi kwenye msimbo wangu una mstari wa maelezo juu yake unaosema unalinda nini, na ukaguzi gani mwingine unautegemea. Nimeanza na ule nilioufuta.

Wiki ya 4, Jumatatu hadi Alhamisi

Marekebisho. Wakati wa kujenga, daftari linabaki limezimwa, lakini nimewasha atomic_flush, inayolazimisha droo zote tatu kushuka diskini pamoja au zisishuke kabisa. Seva ikishafika bloki ya mwisho, daftari linawashwa na programu yenyewe, bila kunisubiri nikumbuke, na kila bloki inaandikwa kwa fungu moja: vichwa, historia na matumizi, kisha diski inaambiwa ihifadhi kweli kabla seva haijaitangazia simu yoyote. Bloki inakuja kila dakika kumi hivi, kwa hiyo kuisubiri diski hapo hakumcheleweshi mtu. Ukaguzi wa kuanzia umerudi, na sasa unapitia bloki 144. Kwenye SSD huusikii hata.

Kupima nilianza kwa kuiua programu kwa kill -9, amri inayoizima papo hapo. Ilipita kila mara, na hilo halikunitosha. Ukiiua programu, mfumo wa kompyuta bado uko hai na bado unashikilia yaliyoandikwa, utayashusha diskini kwa wakati wake. Stima ikipotea hakuna wa kushusha. Kwa hiyo nimechomoa waya ukutani. Mara 20, katikati ya kuandika, kwenye nakala ya faharasa. Mara 20 imeamka ikiwa inakubaliana na nodi. Mke wangu alipita akaniona nimepiga magoti nimeshika plagi, akaniuliza kama nimeipata dawa. Nikamwambia naona kama ndiyo.

Wiki ya 5, Jumapili

Sasa usalama wa mlango. Nimeiandikia programu kilishi kinachoitupia sehemu ya kusoma miamala baiti za ovyo, maelfu kwa sekunde, kikisubiri iangushwe. Niliiacha inaendelea nikaenda kunywa chai. Sikuimaliza chai.

Kilichoiangusha kina herufi 18: 01000000feffffff7f. Herufi nane za mwanzo ni baiti nne za namba ya toleo la muamala. Baiti fe inasema kinachofuata ni hesabu ya baiti nne, na hesabu yenyewe inadai muamala huu una viingizo, yaani sarafu unazozitumia, 2,147,483,647. Baada ya hapo hakuna kitu. Msimbo wangu, kabla ya kusoma kiingizo hata kimoja, ulikuwa unatenga nafasi ya vyote. Gigabaiti zaidi ya 100, kwenye mashine ya 8. Programu ikafa palepale. Na sehemu hii ndiyo inayopokea miamala kutoka kwa simu, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kujua anwani ya seva angeweza kuizima kwa mstari mmoja, kila dakika, milele.

Bitcoin Core haimwamini msemaji kiasi hicho. Inakataa hesabu kubwa kupita kiasi, na hata hesabu inayokubalika haiitengei nafasi yote: inatenga kiasi cha baiti milioni 5 kwa wakati, kisha inaongeza kadiri data inavyofika kweli. Nimefuata njia hiyo. Kilishi kimekimbia usiku kucha baada ya hapo bila kuangusha kitu.

Wakati huohuo nimesoma tahadhari ambazo watunzaji wa Bitcoin Core walianza kuzichapisha Julai 2024 kuhusu dosari za matoleo ya zamani. Nyingi ni za ukoo huu. CVE-2019-25220: adui anakulisha vichwa vya bloki vya bei rahisi mpaka RAM inajaa, na dawa yake ilikuja toleo la 24.0.1. CVE-2024-35202: ujumbe wa bloki fupi unaoiangusha nodi kwa mbali, dawa toleo la 25.0. Anayeendesha nodi ya kabla ya hapo, tafadhali, asasishe leo.

Wiki ya 6, Jumatano

Kabla ya kufungua mlango nimeweka bei. Ombi la kuuliza historia ni fupi, halifiki baiti 200, lakini mtu akiuliza anwani ya bloki ya kwanza kabisa, ambayo watu wameipelekea vijisarafu kwa miaka kama sadaka, seva inafungua maelfu ya bloki kutengeneza jibu. Ombi bei ya njugu, jibu bei ya ng'ombe. Sasa kila muulizaji ana hesabu yake. Inapanda kwa baiti anazopewa na bloki zilizofunguliwa kwa ajili yake, na inashuka taratibu akitulia. Akipita kikomo cha kwanza anasubirishwa, akipita cha pili anakatwa. ElectrumX, seva nyingine ya pochi, ina utaratibu kama huu, na vikomo vyake vya kawaida ni 1,000 na 10,000. Nimeanza na hivyohivyo.

Ujumbe wa makosa pia. Desemba 2018 seva za wahalifu ziliwajibu watumiaji wa pochi ya Electrum kwa ujumbe wa kosa uliopambwa vizuri, ukiwaambia wasasishe pochi na kuwapa kiungo cha pochi bandia. Watu walipoteza pesa nyingi. Tangu hapo Electrum ilibadilishwa isionyeshe maneno ya seva hivyo. Kwangu, seva haina uwezo tena wa kutunga sentensi: makosa yote ni orodha fupi iliyoandikwa ndani ya msimbo, na chochote kinachotoka kwenye nodi kinatafsiriwa kuwa mojawapo.

Poti ya 8332 ya kuiamrisha nodi inasikiliza ndani ya kompyuta tu, na programu inaingia kwa faili la .cookie linalobadilika kila nodi inapowashwa. Nywila ya zamani, iliyokuwa imeandikwa wazi kwenye skripti yangu, nimeifuta.

Wiki ya 6, Ijumaa

Mlango wa nje ni Tor, mtandao unaoficha anwani za wanaowasiliana, kwa anwani ya .onion, ili nisifungue poti kwenye ruta ya nyumbani na binamu asihitaji kujua anwani yangu ya intaneti. Nimemtumia anwani hiyo jana usiku, akaiingiza kwenye pochi yake. Kwenye logi nikaona muunganisho mmoja mpya, ombi la vichwa, kisha maombi ya anwani zake moja baada ya nyingine.

Leo alasiri amemtumia shangazi kiasi kidogo cha kujaribu. Bloki ilipoingia, nilisubiri diski ijibu kwamba imehifadhi, nikaona tangazo likienda kwenye simu mbili, ya Muscat na ya shangazi. Shangazi akaita kutoka jikoni, "Imefika!"

Kilichobaki wiki ijayo ni kupima mnyororo unaporudi nyuma na kushika njia nyingine, kwenye mtandao wa majaribio, nikichomoa waya katikati ya kufuta bloki. Hilo sijalijaribu bado.